Nywele za Kwenda Ukweni

Kioo cha Reginald, kinyozi wa Kwa Mrombo pale Arusha, kilivunjwa kwa paji la uso la Reginald mwenyewe. Kifaa kingine hakikutumika. Thomasi, kaka yake Marta, alimkamata kisogo, akamvuta nyuma kidogo kama karani anayepima pa kugonga muhuri, kisha akagonga. Kioo kikapasuka katikati, na Reginald akajiona yuko wawili, wote wanavuja damu.

"Hiyo ni hodi tu," Thomasi alisema. "Mazungumzo bado."

Nje, Daniel, mdogo wake Thomasi, alikuwa anampakia Marta kwenye pikapu ya kuazima, yeye na mtoto wake wa miezi saba na beseni la nepi. Marta alikuwa amemng'ata mkono, na Daniel alikuwa anampakia hivyo hivyo, damu ikimchuruzika mpaka kiwikoni. Reginald alipojaribu kutoka, Thomasi alimpiga teke la goti. Akaanguka kifudifudi juu ya takataka za asubuhi, akainuka na nywele za wateja watatu zimemganda usoni.

"Ukimtaka, njoo Poli," Thomasi alisema, akijifuta mikono kwa taulo la wateja. "Ila shingo usiisahau nyumbani, mangi. Tutaihitaji."

Pikapu ikaondoka na mke na mtoto.

Tuseme kweli, Reginald alikuwa ameyatafuta. Alikuwa ameishi na Marta mwaka mmoja na nusu bila mahari, bila mshenga, bila hata kijibarua cha kusema "tuko salama". Kwa Wameru hilo lina faini yake. Mtu analipa, anasimangwa, maisha yanaendelea. Lakini Reginald, Mchaga wa Kibosho na Mkatoliki wa tangu tumboni, alimbeba mtoto akampeleka kwa padri, akambatiza Agnela, jina la mama yake mwenyewe. Mzee Eliasi, baba yake Marta, mzee wa kanisa la Kilutheri kule Poli kwenye mabega ya Mlima Meru, alizipata habari za ubatizo wa mjukuu wake katika soko la Tengeru, kutoka kwa muuza vitunguu. Muuza vitunguu ndiye aliyempa hongera! Ndipo wanawe wawili walipoteremka mlima.

Kwa mila, sasa Reginald alitakiwa aende ukweni na wazee wa ukoo. Akapeleka salamu Kibosho. Baba yake mdogo akamjibu kwamba mambo ya ukoo huzungumzwa Desemba, watu wote wakishapanda nyumbani kwa Krismasi. Huo ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka wa tisini na moja. Mtoto angekuwa ameshaota meno na kujua kumwita Thomasi baba.

"Nakwenda Jumapili," Reginald alimwambia Hans, muuza mitumba wa kibanda cha pili. "Na wewe ndiye mshenga wangu."

"Mimi?" Hans aliacha kukung'uta suruali. "Mshenga ni mtu mzima mwenye maneno mazuri. Mimi maneno yangu yote ni 'chagua, jaza, shati mia mbili'."

"Utasimama tu pembeni uwe na heshima."

"Hiyo nayo utanikopea wapi?"

Lakini Reginald alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kichwani, juu kabisa, kwenye nywele. Marta alishawahi kumwambia kwamba ukutani kwa baba yake kuna picha ya makarani wa chama cha kahawa, ya zamani za Mwingereza, vijana kumi na wawili wa Kimeru wamesimama mbele ya ghala, kila mmoja amelaza nywele zikang'aa na amekata njia upande wa kushoto, imenyooka kama mfereji uliochimbwa kwa kamba. Mzee Eliasi ni wa tatu kutoka kulia. Mpaka leo akimwona kijana mwenye kichwa cha vururuvururu husema, "Huyu nywele zake zimemshinda. Atamlisha nani?"

Basi ikiwa ni kulaza nywele, hapo mzee angekuwa amemfikia fundi. Mjini Arusha walikuwapo vinyozi wa panki na vinyozi wa kalikiti ya kusokota nywele kwa dawa, lakini waliotaka kichwa cha baba zao, cha njia na mng'ao, walikuja Kwa Mrombo kwa Reginald. Na kichwa cha namna hiyo hakisimami bila mafuta, au tuseme hakilali.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilikuwa zimeleta makopo ya mafuta ya kila rangi kupitia mpaka wa Namanga. Reginald aliyanunua yote, akayajaribu yote, akayatukana yote. La kijani lilikuwa la majimaji: asubuhi unang'aa kama kiatu cha gwaride, saa sita jua likishatua kichwani nywele zimesimama zote kuuliza kuna nini. La jekundu lilikuwa grisi tupu. Liliyeyuka likateremka kwenye kola, na mteja akarudi na mke wake, na mke akarudi na shati. Kwa hiyo Reginald alipika ya kwake. Alinunua nta ya nyuki kwa Sinyati, mama mmoja wa Olasiti aliyekuja na mabonge yake kila Jumanne, akaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, akatia mafuta ya nyonyo, akakoroga mpaka ikapoa ikawa mgando wa rangi ya asali. Nta ndiyo inayoshika, nyonyo ndiyo inayong'arisha. Mafuta hayo ukipaka yamepakwa. Mvua ya Meru ingekukuta barabarani, ikakulowesha mpaka soksi, na njia yako ikabaki mahali pake.

Ubaya ulikuwa harufu. Alikuwa anatia karafuu na mchaichai, na vijana wa mawe, wale madalali wa tanzanaiti ya Mererani wenye noti kwenye soksi, walimcheka. "Kinyozi, unaninukisha kama bibi anayeumwa jino!" Hivyo mwezi huo huo alikuwa amenunua, kwenye duka la karibu na Soko Kuu, kichupa cha harufu ya ndizi wanachotumia wapika lambalamba. Muuzaji alimwambia matone mawili. Reginald alinusa, akaona ndizi mbivu yenyewe imekaa mbele yake inacheka, akamimina nusu chupa.

Mtu yeyote wa Poli angemwambia neno moja hapo. Lakini kinyozi haulizi, kinyozi huulizwa.

Jumamosi akajishughulikia mwenyewe mbele ya kioo chake cha vipande viwili. Akaosha kichwa kwa sabuni ya mche, akaacha unyevu kidogo, akachana mpaka machozi yakamtoka. Akachota mafuta kiasi cha punje mbili za mahindi, akayasugua viganjani mpaka yakawa kama jasho, akaanza kupaka kisogoni akija mbele. Anayeanzia mbele huishia na paji la uso lililonona na kisogo chenye njaa. Akarudia mara tatu, kwa kuwa ukweni si kila siku. Kisha akatoa wembe wake wa kukunja, akakata njia kwa mkato mmoja bila kupumua, akajifunga soksi ya nailoni aliyoiacha Marta, akalala nayo. Asubuhi alipoivua, kichwa kiling'aa hivi kwamba Hans alisimama mlangoni akajitengeneza kola kwa kujitazama humo.

"Mangi, umependeza," Hans alisema, akanusa. "Ila nikikunusa nasikia njaa."

Walipanda gari mpaka Tengeru, wakapandisha kwa miguu katikati ya migomba na kahawa, Reginald na blanketi jipya chini ya kwapa, Hans na kilo tano za sukari na malalamiko. Nyumba ya Mzee Eliasi ilikuwa nzuri, ya matofali, na mbele yake mringaringa mkubwa wenye mizinga mitatu ya nyuki imening'inia matawini. Chini yake alifungwa ng'ombe wa maziwa, na mbwa amelala kivulini. Nyuma ya nyumba mfereji wa maji ulishuka kutoka msituni, maji baridi ya kukata meno.

Mzee alikuwa barazani, ametoka ibadani, koti bado liko mwilini.

"Shikamoo, baba."

 Mzee alikitazama kichwa. Alikizunguka kwa macho kama mtu anayenunua ng'ombe, akafika kwenye njia, akatulia hapo.

"Nani alikufundisha kukata njia?"

"Niliwatazama watu wa heshima, baba."

"Hm." Kitu kililegea kwenye kidevu cha mzee. Reginald aliona, na moyo wake ukapanda ngazi mbili. "Na wazee wako wako wapi?"

Reginald akamgeukia Hans. Hans akakohoa.

"Huyu?" mzee akauliza. "Unafanya kazi gani, kijana?"

"Nauza nguo, mzee. Za... za nje."

"Kafa Ulaya," mzee akasema polepole. "Mmenichukulia binti kimya kimya, mmembatiza mjukuu wangu kimya kimya, na leo mmeniletea muuza nguo za marehemu kuwa mshenga."

Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Reginald, ambaye akili yote ilikuwa imelazwa na mafuta, alimwona Marta dirishani na Agnela begani, akasahau maneno aliyoyafanyia mazoezi tangu Tengeru.

"Baba, mimi nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mke wa nani?" sauti ikauliza kutoka kwenye kahawa.

Thomasi alitokea na panga mkononi. Alimtazama Reginald, akalitazama panga, akalichomeka kwenye mgomba. "Hili ni la kazi za maana," akasema, akaja na ngumi.

Ya kwanza ilimpata Reginald mdomoni kabla blanketi halijafika chini. Ya pili ilimkuta bado anashangaa ya kwanza. Akajibu, maana Kibosho nako kuna ngumi. Alimpiga Thomasi sikio la kushoto hadi akayumba, akamtia kichwa cha tumbo, wakabebana mpaka kwenye banda la kuku na kulivunja. Kuku wakaruka. Daniel akaja mbio na rungu, akalishusha kwenye mbavu za Reginald, na Reginald akasikia kitu ndani kikilia kama kijiti kikavu. Hans alisema, "Jamani, tuongee," akarushiwa tofali, akaenda kuongelea barabarani.

"Mshike miguu!" Thomasi alifoka.

"Namshika! Anapiga mateke kama punda!"

"Baba, waambie waache!" Marta alikuwa anapiga kelele ndani. "Watamuua!"

"Wakianza kumuua nitawaambia," mzee akajibu.

Wembe wake wa kukunja alikuwa ameuchomeka kwenye soksi ya mguu wa kulia. Reginald aliufikia. Alikuwa chini, magoti ya Thomasi yako kifuani, damu yake mwenyewe inamziba koo, na vidole vyake vikashika mpini. Mkato mmoja tu, kama ule wa njia. Shingo ya Thomasi ilikuwa hapo hapo, imetuna mishipa. Kisha akafikiri kwamba akimkata, Agnela atakua akielezwa aliyemuua mjomba wake ni nani, na Marta hatavuka tena kizingiti chake mpaka kiama. Akauachia. Mkono ukatoka mtupu, na Thomasi akaukanyaga.

"Nywele nzuri hizi," Thomasi alisema akihema. Alimkamata kichwa kwa mikono miwili. Vidole vikateleza kwenye mafuta, akajifuta kwenye shati, akakamata tena, vikateleza tena. Akatukana kwa Kimeru. Mwishowe alimpata masikio, akamburuta mpaka mringaringani, akagonga kichwa chake kwenye shina. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu kitu kikalia huko juu, sauti nzito kama gari linalopanda mlima mbali.

Daniel ndiye aliyetazama juu. "Kaka," alisema, "mizinga."

Nyuki walishuka wote kwa pamoja, kama gunia lililochanika. Hawakwenda kwa Daniel. Hawakwenda kwa ng'ombe. Walikwenda kwenye nywele za Reginald kana kwamba walikuwa wamealikwa kwa jina.

Maumivu ya rungu yakawa mchezo wa watoto. Walimdunga utosini, kwenye njia, kwenye kope, ndani ya sikio. Alilia sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Thomasi alimwachia na kurudi nyuma akipunga mikono, lakini mikono ilikuwa imejaa mafuta yale yale, na kadiri alivyojipangusa uso ndivyo alivyojipaka, nao wakamgeukia. Mzee alishaingia ndani, na Daniel akapiga mbio kumfuata, nyuki wamemfunika mgongo mzima, akaufunga mlango.

Reginald naye alikimbilia mlango. Alifika, akainua mkono agonge, akaona dirishani Marta amemfunika mtoto kwa kanga. Nyuma yake wingu zima lilikuwa linamfuata na kujipigapiga kwenye kioo.

"Ondoka hapo!" Mzee Eliasi alipaza sauti kutoka ndani. "Ndizi! Huyu mtu amejipaka ndizi! Nyuki akidunga hutoa harufu ya ndizi mbivu, ndiyo baragumu lao la vita! Mtoto wa miaka mitatu hapa halisogelei mzinga akiwa amekula ndizi, na wewe umelivaa!"

Reginald akaelewa kwamba nyuki wako popote kilipo kichwa chake. Kioo kile kingepasuka kwa kiwiko kimoja tu, naye angeingia ndani, angeingia na wingu lote mpaka kwenye kanga ile. Akageuka akakimbia upande wa pili, akajikwaa kwenye mgomba, akainuka, akautafuta mfereji kwa sauti ya maji kwa sababu jicho la kulia lilikuwa limeshafunga duka.

Akajitupa ndani. Maji yalifika magotini, akalala chali, akazamisha kichwa, akasugua kwa mikono, kwa mchanga, kwa majani. Kila alipoinuka kuvuta pumzi walikuwa wanamngoja. Maji yalipita juu ya nywele zake yakaenda zake safi kama yalivyokuja. Nta haikubanduka. Harufu haikupungua. Kwa miaka minne alijisifu mbele ya wateja kwamba mafuta yake hayajui maji, na ilikuwa kweli tupu, kila neno.

Akautoa wembe kwenye soksi, akaanza kujinyoa.

Alijinyoa bila kioo, bila sabuni, uso uko nusu chini ya maji na vidole vimevimba kama ndizi mshare. Alikata nywele, akakata na ngozi. Kila kishungi alichokikata alikitupa kwenye maji, na nyuki wakakifuata kikielea kuelekea chini, wakakidunga kikiwa kinakwenda. Mfereji ukawa mwekundu. Alipofika utosini alikuwa analia kwa kwikwi, kwa sauti kubwa, na hakuona haya. Alipomaliza alikuwa na kichwa cha kuku aliyenyonyolewa haraka, lakini wingu lilikuwa jepesi. Wengi walikuwa wamefuata nywele. Waliobaki walikuwa wamekwenda kwa Thomasi.

Kwa jicho la kushoto alimwona. Thomasi alikuwa amelala katikati ya uwanja, amejikunja, mikono imemganda usoni, na mikono yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imevaa nyuki mpaka viwikoni. Ng'ombe, aliyekuwa amefungwa kamba fupi, alikuwa ameshaanguka, anarusha miguu.

"Mangi!" Hans aliita kutoka barabarani. "Mangi, huku! Mlango wa nyuma uko wazi! Mchukue mkeo tushuke!"

Na kweli, Marta alikuwa ametokea jikoni, mtoto kifuani ndani ya kanga, amesimama kwenye migomba hatua ishirini tu kutoka mferejini. Njia ya kushuka ilikuwa nyeupe. Daniel yuko ndani ananguruma, mzee yuko ndani, na mtu pekee aliyeweza kuwazuia alikuwa anakufa peke yake, tena kwa mikono yake mwenyewe. Reginald alipanda ukingoni. Hakuna mtu angemlaumu. Au wangemlaumu, lakini angelaumiwa akiwa Kwa Mrombo, na mkewe.

"Twende," akamwambia Marta, mdomo ukiwa umevimba hadi neno likatoka kama povu.

Marta alimtazama kichwa kile, damu inashuka kwenye nyusi. "Baba Agnela," akasema, "kaka anakufa."

"Alikuwa ananiua mimi."

"Nimeona. Ukimwacha, nenda. Lakini unakwenda na Hans."

Reginald akatema damu. Alitukana tusi moja refu la Kibosho ambalo padri hakumfundisha.

"Samli mnayo?" akauliza.

"Samli?"

"Samli, majivu, maji ya moto, na moshi! Mafuta yale hayatoki kwa maji, yanatoka kwa mafuta wenzao. Fanya haraka!"

Marta akamkimbilia Hans, akamtupia mtoto, na Hans akabaki barabarani amemshika Agnela mbali na mwili wake kama bomu. Kisha akarundika majani makavu ya migomba mlangoni mwa jiko, akayatia moto, akatupia mavi ya ng'ombe mabichi, na moshi ukatoka wa kuua shetani. Reginald aliliokota blanketi la zawadi, akalitumbukiza mferejini, akajifunika gubigubi, akaenda uwanjani. Walimdunga miguu. Walimdunga mikono. Alimshika Thomasi vifundo vya miguu, na kwa mbavu zake zilizovunjika akamburuta mita ishirini hadi ndani ya moshi, akilia kila hatua.

Shati lilinuka ndizi tupu. Akafungua wembe alikate. Thomasi, ambaye macho yalikuwa yamebaki nyufa mbili, aliona kitu kimoja tu duniani: Mchaga mwenye kichwa cha damu amemwinamia na wembe. Akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akampiga ngumi. Jino la mbele la Reginald likaenda zake jikoni, likalia kwenye sufuria.

"Nakuokoa, mshenzi wewe!" Reginald akafoka, akamkalia kifuani, akalichana shati kuanzia kola. "Marta, mkalie miguu!"

Wakamkalia. Reginald akachota samli kwa kiganja, akamsugua Thomasi mikono kidole kwa kidole, kwenye kucha, katikati ya vidole, kama anavyowasugua wateja kichwa, mpaka nta ikalainika na kuachia. Akapaka majivu yanyonye uchafu. Akaosha kwa maji ya moto yaliyomfanya Thomasi apige kelele upya. Akarudia, na alipomaliza mara ya tatu akavinusa vile viganja vilivyovimba kama maboga. Vilinuka samli na nyama ya kuchoma. Ndizi haikuwamo. Nje mlio wa nyuki ulianza kupanda juu, kidogo kidogo, kurudi mringaringani.

Mganga wa zahanati aliletwa kwa baiskeli, akampiga Thomasi sindano mbili, akang'oa miiba mpaka akachoka kuihesabu. Alisema dakika kumi zaidi na angekuwa amekuja kuandika cheti tu. Reginald alifungwa mbavu kwa shuka.

Alasiri Mzee Eliasi akatoka, akazunguka uwanja wake: ng'ombe amekufa, mbwa amekufa, kuku sita. Akaja kusimama mbele ya Reginald, ambaye Marta alikuwa amemkalisha kwenye kigoda na kumpaka kichwa kitu cha kijani kinachowasha.

"Ng'ombe amekufa kwa ajili yako," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu hatashika jembe mwezi huu. Na kahawa imeiva, iko mitini, haingojei Krismasi ya Kibosho. Utaichuma wewe. Utalitengeneza na banda la kuku, utakwenda na msalani kumfungulia Thomasi mkanda, mpaka mikono yake ifumbate tena. Wazee wako wakija watakukuta hapa hapa."

Reginald akafikiri kibanda chake, wateja wake, vijana wa mawe wakihamia kwa kinyozi wa kalikiti. "Na Marta, baba?"

"Marta yuko kwao. Wewe ndiye uliyekuja." Mzee akamchukua mtoto kutoka kwa Hans, ambaye alikuwa ameloweshwa mpaka kiunoni. "Anaitwa nani huyu?"

"Agnela."

"Jina la nani?"

"La mama yangu, baba."

Mzee akamfuta mtoto kidevu kwa kidole. "Ningeulizwa," akasema, "ningesema ni jina zuri." Akaingia naye ndani.

Keshoye asubuhi umande haujakauka, Reginald alikuwa katikati ya mibuni na kikapu kiunoni, mbavu zimefungwa, macho mawili yako nusu, kichwa kimejaa magamba. Thomasi alikuwa amekalishwa kwenye gogo, mikono yote imefungwa vitambaa, analishwa uji na Marta kwa kijiko na kutukana kati ya kijiko na kijiko.

"Nyekundu, mangi! Nyekundu tu! Unachuma mbichi!"

"Sioni vizuri."

"Macho yangu unayaona? Papasa! Iliyoiva ni laini." Akameza. "Huko kwenu hamna kahawa?"

"Ninyoe watu, nichume kahawa, nijue yote?"

Thomasi hakuweza kufumbata jiwe, lakini mguu ulikuwa mzima. Akapiga teke donge la udongo, likaruka likamkuta Reginald kwenye kidonda cha utosi. Reginald aliona nyota, akashika tawi, kahawa zikamwagika miguuni. Marta akacheka, mara ya kwanza tangu pikapu, akacheka hadi uji ukamwagika.

"Asante, shemeji," Reginald alisema, akiinama kuokota.

"Sijawa shemeji yako," Thomasi akasema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine. "Chuma."